Mzee Lameki na Paina Zisizo na Vilele

Nakumbuka siku ile Bwana Miti alipofika kijijini kwetu Ruanda, akashuka kwenye pikipiki, akavua kofia, akakitazama kilima chetu na kusahau hata kutusalimia. Na tulikuwa tumejipanga, mwanangu! Wanawake tumefunga kanga mpya, wazee wamevaa makoti, watoto wa shule wako tayari kuimba. Yeye kasimama tu, mdomo wazi. Mwishowe akauliza, "Jamani, huku kwenu Ruanda mna twiga?"

Ngoja nikueleze ilikuwaje, maana ukimwuliza huyu mzee wangu Lameki, aliyekaa pale akijifanya anasikiliza redio, atakuambia mambo mengine kabisa.

Wakati huo mkoa haujagawanywa, bado tulikuwa Mbeya, na mimi ni msichana, niko nyumbani kwa baba. Baba yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Serikali ikatuletea miche ya paina, lori zima, bure, tupande kwenye kilima kilichobaki upara baada ya sisi wenyewe kukimaliza kwa kuni. Bwana Miti akatupimia mistari, akatufundisha kuchana kiriba, kile kifuko cha plastiki, kabla ya kufukia mche, akasema miti ikishika vizuri tutaletewa mingine tupande na kilima cha pili. Kisha akaondoka, akiahidi kurudi karibuni kutufundisha matunzo. Hee! Mvua zikaja zikapita, zikaja tena zikapita, Bwana Miti hatumwoni.

Baba akakikabidhi kilima kwa Lameki. Kwa nini Lameki? Kwa sababu alikuwa ameleta posa. Baba akamwambia, "Binti yangu sina haraka naye. Nionyeshe kwanza unavyotunza kitu cha watu. Siku Bwana Miti akirudi akakisifia kilima, lete wazee wako tuzungumze." Na mimi, mwanangu, sikufichi, nilikuwa nimeshampenda. Mrefu, mpole, na akicheka unasahau ulichokuwa unataka kusema. Nikawa naziombea zile paina kama ndugu aliyelazwa hospitali.

Tena alizitunza kweli. Alipalilia, alifukuza mbuzi wa watu mpaka akagombana na wenye mbuzi, alifyeka njia ya kuzuia moto, akabeba maganda ya kahawa mgongoni kwenda kuzirutubisha. Paina zikanawiri, zikamfika kifuani. Hapo ndipo habari ikaja kutoka Vwawa, wilayani, kwamba Bwana Miti anakuja wiki ijayo. Lameki akaona ni lazima kilima kipendeze.

Sasa wewe umezaliwa kwenye kahawa, unajua. Mbuni ukifika kifuani tunaufanyaje? Tunakata kilele, utanuke, uchume umesimama bila kutafuta ngazi. Lameki naye ni mtoto wa kahawa. Akachukua mkasi wa baba yake, akaingia mstari wa kwanza, hakutoka mpaka amemaliza kilima. Hakubakiza hata mmoja. Kila paina aliikata kichwa, sawasawa, kama imenyolewa na kinyozi mmoja. Kijiji kizima tulipita pale tukasifia. Mimi niliyempelekea uji ndiyo kabisa, nilisema sijawahi kuona shamba safi namna ile.

Basi, Bwana Miti alipouliza habari za twiga, Lameki akajitokeza kifua mbele. "Shikamoo, mheshimiwa. Si twiga, ni mimi."

"Wewe? Umekata vilele vyote hivi?"

"Vyote, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Ili wakati wa kuchuma tusisumbuke."

"Kuchuma nini?"

Lameki akautazama mti. Akanitazama mimi, kama vile mimi nina jibu. Nikaangalia chini. Pale pale chini ya kilima, mbele ya watu wote, yule mwanaume akagundua kwamba mbao hazichumwi. Wa kwanza kucheka alikuwa mchungaji wetu, na baada ya hapo hakuna aliyebaki mzima. Watoto wakaanza wimbo wao bila kuambiwa. Mimi nikalia. Nilijua posa imekwenda na vile vilele.

Baba hakucheka. Alingoja watu wanyamaze, akaanza na mgeni. "Mwanangu, miche uliipakia kwenye lori. Na maelezo yake uliyapakia wapi?"

"Mzee, pikipiki ilikosa mafuta."

"Misimu yote hiyo?"

"Mzee, wilaya nzima tuko wawili."

"Basi kawaambie huko ofisini kwamba mti haulelewi siku ya kupandwa tu. Huyu kijana kakosea kwa mkasi, ninyi mmekosea kwa kutokuja." Bwana Miti akainamisha kichwa, akasema ni kweli. Kisha baba akamgeukia Lameki. "Na wewe. Kujua kahawa si kujua kila kinachoota. Ungeuliza, ungepungukiwa nini?"

"Nisamehe, mzee."

Bwana Miti, Mungu ambariki, akasema bado kuna dawa. Kila mti utatoa machipukizi pale ulipokatwa. Tuache moja tu, lililosimama vizuri, mengine tuyaondoe, na hilo moja ndilo litakuwa kilele kipya. Mti utakuwa na kibyongo kidogo kifuani, lakini utaendelea juu.

Baba akafikiri. Akasema, "Kijana aliyeharibu kwa uvivu ningemfukuza leo. Huyu kaharibu kwa bidii. Siku kilele kipya kitakapompita kimo, alete wazee wake."

Kimo! Mwanangu, baba alijua anachosema. Pale kijijini hakukuwa na mtu mrefu kumzidi Lameki. Angekuwa mfupi kama mdogo wake ningeolewa mapema. Nikawa naamka asubuhi nakwenda kuzitazama zile paina, nazisemesha, "Jamani, kazeni mwendo." Bwana Miti naye safari hii alirudi, mara nyingine kwa miguu, akikagua machipukizi moja moja pamoja na Lameki.

Ikafika siku ya kupima. Baba akachagua mti mwenyewe, akamwambia Lameki asimame kando yake. Kilele kilikuwa kimemfika kwenye nywele, hakijapita. Nikaona kila kitu kinaahirishwa hadi mvua nyingine. Mara nikamwona Lameki anashuka. Polepole, uso mkavu, anatazama mbele kama askari. Alikuwa anakunja magoti ndani ya ile suruali yake pana! Baba akamtazama usoni, akatazama magoti. Akakohoa. Akasema, "Haya, mti umekupita. Kalete wazee wako kabla hujachoka kusimama hivyo."

Usicheke sana, mzee mwenyewe anatusikia. Paa hili ulilokaa chini yake ni la paina zile, na kigoda unachokalia ni kile kipande chenye kibyongo.

Sasa juzi nimesikia nanyi mmeletewa miche. Vizuri, ipokee, ipande. Lakini yule anayeileta usimwache aondoke kwa makofi tu. Mshike mkono, mwulize huu mti unataka nini, na wewe utarudi lini? Asiporudi, mfuate Vwawa, si mbali. Ukiwa hujui, weka mkasi chini kwanza. Na wale wanunuzi wa kutoka Tunduma wakija kukutaka uwauzie miti ikiwa bado myembamba kama mkono wako, waambie warudi ikikomaa. Mti haujui kwamba wewe una haraka.

Nenda, mwanangu. Mungu aipe miche yako mvua, aikinge na moto na mbuzi, ikupite kimo ukiwa umesimama wima. Na ikichelewa kidogo, akupe mwenzi wa kukukunjia magoti, na mkwe atakayejifanya hajaona.