Mizigo ya Kwenda Newala

Juzi nilikwenda Chamazi, pembezoni mwa Dar, kumpelekea mama dawa, nikapita kwenye uchochoro wa gereji za pikipiki. Kijana mmoja alikuwa ameloweka mnyororo kwenye kopo la petroli, anausugua kwa mswaki mbovu. Harufu ile ikanifikia. Nilisimama kama mtu aliyesahau anakokwenda, mpaka kijana akaniuliza, "Sista, unatafuta fundi?" Nikamwambia hapana, nikaondoka haraka. Rafiki yangu, nikikwambia kwamba harufu ya petroli hunitia woga, najua utanicheka. Basi ngoja kwanza nikusimulie, kisha ucheke ukiweza.

Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikuwa dereva wa bodaboda. Tuliishi watatu kulekule Chamazi, mama, yeye na mimi, katika vyumba viwili vya kupanga, enzi ambazo mtaa wetu ulikuwa mchanga mtupu. Kwetu hasa ni Newala, kusini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Bibi alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mwanawe amenunua pikipiki yake mwenyewe. Akajibu kwamba wanaume wa Dar hununua vitu vingi kwa mdomo. Maneno hayo yalimchoma mjomba. Akaapa kuwa Krismasi ile hapandi basi. Ataiendesha pikipiki hadi mlangoni kwa bibi, apige honi, bibi atoke ajionee.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilishuhudia maandalizi yote. Uwani palinuka petroli na oili mchana kutwa, hata mihogo aliyochemsha mama ilikuwa na ladha yake. Mjomba alifungua magurudumu, akabadilisha tairi zote mbili, akafunga mnyororo mpya, akaweka kebo mpya ya klachi. Kila spoki aliigonga kwa spana na kusikiliza mlio wake. Iliyolia vibaya aliikaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha nati kwenye kopo na kuzipanga juu ya gunia zisipotee. Mjomba alipenda kuimba akifanya kazi, tena aliimba vibaya, na mimi nilimpenda sana. Mwishoni alifunga mfuko wa dharura nyuma ya kiti: pampu, spana, viraka na mpira wa ndani wa akiba. "Hapa hata nikilala porini, kesho nafika," alisema.

Kama ingeishia hapo, nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini kwetu kusini mtu anayekwenda nyumbani habebi vyake, hubeba vya mtaa mzima. Na mzigo haukataliwi. Ukikataa mzigo wa mtu, umemkataa yeye, mama yake aliyeko kule, na babu yake aliyezikwa kule. Na Chamazi ilikuwa imejaa watu wa kwetu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wangu, aliyeleta madaftari na sare za wapwa zake. Hiyo si kitu, mjomba akacheka na kuipokea. Akafuata mchonga vinyago wa nyumba ya pili, na redio kubwa ya baba yake. Zikaja kanga, zikaja sufuria zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, likaja godoro la mtoto lililokunjwa na kufungwa kamba. Kila mmoja alifika na salamu, akauliza habari za safari, akasifia pikipiki, halafu ndipo akasema, "Kaka, nina kijimzigo kidogo tu." Mjomba akaipeleka pikipiki kwa mchomeleaji, ikarefushwa keria ya nyuma kwa vyuma. Mama alikuwa akipepeta mchele, akiupiga ungo kwa nguvu. Nilimjua mama, akipepeta hivyo, moyo wake hauko sawa.

Wa mwisho alikuja jirani yetu muuza vitumbua. Mdogo wake kule Newala alikuwa amefiwa na mume, naye alitaka kumpelekea kichwa cha cherehani ajishonee riziki. Kilikuwa cha chuma kitupu. Watu wawili walikibeba wakihema. Nafasi haikuwepo. Mjomba aliiangalia keria, akamwangalia yule mama, kisha akaufungua mfuko wa dharura toka nyuma ya kiti na kuuingiza chumbani.

"We mdogo wangu," mama akasema, "hivi unaenda kusalimia au unahama?"

"Dada, nimwambieje? Mjane yule."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao wanakuonaga wewe lori. Na wewe unakubali!"

"Nitaenda mdogomdogo, dada. Usiogope."

Akaijaribu uchochoroni. Pale penye kilima kidogo cha mchanga, gurudumu la mbele likanyanyuka juu, mjomba akaning'inia kwenye usukani akipiga miguu. Mtaa mzima ulicheka, na yeye akacheka, hata mimi nikapiga makofi. Mchana ule ule, pikipiki ikiwa imesimama peke yake uwani, hakuna upepo wala mtu, ikalala chini kwa kishindo. Kuku wakaruka. Mjomba aliinyanyua, akaweka kipande cha ubao chini ya stendi, na siku hiyo hakuimba tena.

Aliondoka asubuhi. Majirani walitoka wote kumuaga, kila mmoja akigusa mzigo wake kuhakikisha umekazwa. Mama peke yake ndiye aliyemgusa yeye.

Ilikuwa kwenye mteremko, kabla ya Lindi. Walioshuhudia walisema gurudumu la mbele lilikuwa halishiki barabara kwa uzito wa nyuma, akakata kona, pikipiki ikanyooka moja kwa moja. Hakufika hospitali. Wanakijiji wa pale hawakuchukua hata sindano. Walikusanya kila kitu, dereva wa lori akavipeleka vyote nyumbani kwa bibi, kwa kuwa kila mzigo ulikuwa na jina.

Mama na mimi tulifika msibani kwa basi. Padri alikuwa ameshafika, kaburi limeshachimbwa, lakini bibi alikuwa amekataa maziko. Mwanawe, alisema, hawezi kulala ardhini na amana za watu juu yake. Basi wenye mizigo wakaitwa mmoja mmoja, toka vijiji vya mbali, wakaja kupokea huku wakilia. Mjane alikuwa wa mwisho, akapiga magoti mbele ya cherehani yake. Alipoondoka, bibi aliutazama mkeka uliokuwa na mizigo, sasa mtupu, kisha akamgeukia mama.

"Na mie," akauliza, "alinibebea nini?"



Siku hizi Chamazi ina lami, na mizigo hutumwa kwa basi na risiti juu. Mtu akisafiri hasemi. Jirani atajua akiona mlango una kufuli. Mimi pia husafiri kimyakimya, na najua ni salama zaidi. Ila nikiwa ndani ya basi na mkoba wangu mmoja mapajani, bila salamu ya mtu wala kanga ya mama wa mtu, huwa nalia. Namlilia mjomba, na namlilia yule mtu ambaye mtaa mzima ungemwamini na mizigo yake, ambaye sikupata kuwa.