Dirisha la Kushoto

Tarehe sita Septemba mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Aliacha picha ya penseli ya gofu la kanisa la zamani, lililo kilimani juu ya mtaa wetu hapa Songea. Ukuta wa mbele alikuwa ameumaliza, ila dirisha la kushoto hakuliwahi. Muda si mrefu baada ya mazishi, padri akatangaza kwamba Jumatatu gofu litabomolewa, maana matofali yalikuwa yanaangukia mbuzi wa watu.

Nilitaka picha ikamilike kabla dirisha lenyewe halijaondoka. Jumamosi nikabeba ubao wake na penseli, nikapanda. Sijawahi kuchora kitu zaidi ya ramani ya Afrika shuleni. Dirisha langu la kwanza lilifanana na mtungi. La pili nililifuta hadi karatasi ikaanza kutoboka.

Jirani yangu Mbena akanikuta hapo. Wabena ni watani wetu sisi Wangoni, na mtani msibani hana adabu. Ndiyo kazi yake, na huruhusiwi kukasirika. Alikuwa amevaa koti la marehemu, alilojichukulia siku ya mazishi bila kuomba.

"Wangoni bwana. Mlipigana na Wajerumani, leo dirisha linawashinda."

"Niache, mtani."

"Nikuache umharibie mwenzio picha? Sogea."

Akakaa kwenye jiwe alilokuwa akikalia mume wangu. Akakohoa kama yeye, akalamba ncha ya penseli kama yeye. Kisha akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akalipima dirisha kwa kutelezesha kidole gumba juu ya penseli.

"Mama watoto, toka hapo, unanizibia mwanga," akasema, kwa ile sauti ya puani ya marehemu.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamnyang'anya penseli. Miaka yote nilidhani kile kidole ni madoido tu. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho. Kimo cha dirisha kilikuwa upana wake mara mbili na kidogo. Nikaanza upya.

"Limeinama," akasema mtani.

"Lenyewe limeinama."

"Mbishi kama marehemu."

Mistari yangu ni mizito kuliko ya mume wangu. Hata kipofu angeona alipoishia. Sikuifuta.

Jumatatu nilisikia kishindo nikiwa barazani nachambua maharage. Jioni mtani akapita na matofali mawili kichwani, anakwenda kujengea jiko lake. Akasema ni ya dirisha langu. Sikumwamini hata kidogo, lakini nilimsaidia kuyatua ili apumzike.