Tembe za Lanthanamu na Maharagwe ya Mama

Kampaundi hiyo niliwahi kuitengeneza kwa mikono yangu, miaka mingi kabla haijawa jambo la nyumbani kwetu. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya kemia mjini Embu, na kazi niliyopewa ilikuwa fosfati ya lanthanamu. Lanthanamu ni metali ya lile kundi linaloitwa ardhi adimu, jina la kupotosha watu, maana si adimu kiasi hicho. Taabu ni kuitenganisha na ndugu zake. Ikikutana na fosfati haiachi. Unachanganya vimiminika viwili visivyo na rangi, na papo hapo linatanda wingu jeupe ambalo halirudi tena kuwa maji. Ulikaushe, ulichome kwenye tanuri, linazidi tu kuwa gumu. Mwalimu wangu alitaka kujua fuwele zake hubadilika vipi kwa joto. Mimi nilitaka kumaliza nipate kazi.

Kazi niliipata, ya kufundisha kemia katika shule ya wasichana karibu na Kianjokoma. Kisha figo za mama zikafa.

Mama alikuwa mjane wa kijijini Kanja, mwenye kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Sasa mara mbili kwa wiki alishuka Embu mjini kulala kando ya mashine ya kusafisha damu. Wagonjwa wa pale wana desturi yao: saa ya kwanza ya mashine hula kila walichokatazwa nyumbani. Ndizi, viazi, soseji, vyote hufunguliwa kwa vicheko, kwa imani kwamba mashine itaondoa. Potasiamu inaondoka, ni kweli. Fosfati ndiyo mkaidi. Hujificha ndani ya mifupa na seli, mashine ikizimwa inarudi kwenye damu, inashikana na kalsiamu, na mishipa inaanza kukakamaa. Ngozi nayo huwasha. Mama alijikuna hadi mikono ikatoka damu, na mimi nilichukia kuiona mikono ile.

Daktari alipoandika dawa ya kuzuia fosfati, niliisoma nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Ilikuwa lanthanamu. Tembe kubwa nyeupe za kutafuna: tumboni asidi inaziyeyusha, lanthanamu inaikamata fosfati ya chakula kabla haijaingia kwenye damu, na vyote viwili vinatoka pamoja chooni. Kampaundi yangu ileile, sasa itengenezwe ndani ya tumbo la mama yangu. Nilijiona mtu mwenye bahati, kwamba angalau mara hii nilichosomea kingefaa kitu.

Wiki zikapita, fosfati haikushuka.

"Madam, phosphate ya mum iko juu tena," muuguzi aliniambia. "Kwani anakula nini?"

"Anakula maharagwe kama sisi wote. Lakini dawa anatumia."

"Anameza ama anatafuna?"

"Anatafuna."

Jumamosi nilipanda nyumbani asubuhi, kabla ya chai. Nilimkuta mama mezani, tembe iko kwenye kisahani, ameinamisha kichwa anaiombea. Akaitafuna pole pole, akafuta midomo, akakunja mikono. Chakula kilikuwa jikoni, na hakukiangalia. Alikaa hivyo mpaka jua likapanda juu ya migomba, ndipo akaomba bakuli lake.

"Mama, hiyo dawa ni ya kula na chakula!" nilifoka. "Katikati ya chakula!"

Alinitazama bila haraka. Aliniita mama vilevile, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. "Dawa huheshimiwa, mama. Inaliwa kwanza, inaachwa ishuke. Sasa niitafune na maharagwe kama pilipili?"

"Ndiyo!"

"Na nikiwa kwa watu? Nitafune dawa mbele ya aliyenikaribisha, aone nimeogopa chakula chake?"

Hasira ziliniishia hapo. Heshima ndiyo iliyokuwa ikimuua, heshima kwa dawa na heshima kwa wapishi, na heshima si kitu unachoweza kumfokea mtu aiache.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na chupa mbili ndogo kutoka maabara ya chuo nilikosomea, moja ya lanthanamu na moja ya fosfati. Nikamwambia hii ni dawa yako, hii ni maharagwe yako. Nilimimina dawa katika glasi, nikaimwaga nje, kisha nikamimina maharagwe. Hapakutokea kitu. "Hivi ndivyo unavyofanya," nikasema. Mara ya pili nilivimimina pamoja, na wingu likajaa glasi nzima.

Mama aliisogeza glasi dirishani, akaitikisa. "Hawa hawatengani?"

"Hawatengani."

"Basi hii ni ndoa ya Katoliki," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku ile hakuna aliyemweza. Wanawake wa kikundi chake walipokwenda kumwona mtoto mchanga wa jirani na njahi, maharagwe meusi ya waliojifungua, zikapakuliwa, aliweka tembe juu ya leso akawatangazia kwamba chakula kitamu kama hiki lazima kiwe na mlinzi. Maziwa hakuyagusa bila tembe. Uji wa maziwa, hata kijiko kimoja, hapana. "Bila hiyo ni sumu," alinifundisha mimi, mwenye shahada mbili. Fosfati ikashuka, mikono ikapona. Tukapata miezi mizuri, nami nikaanza kuizoea furaha, jambo ambalo sikupaswa kufanya.

Lakini mishipa ilikuwa imekakamaa zamani, na moyo ulikuwa umechoka. Daktari aliniita kwenye veranda ya wodi.

"Madam, mashine tutasimamisha, moyo wake hauwezi. Hata hizo tembe, wachaneni nazo. Mpeleke nyumbani, umpatie chenye anataka kula."

Nilimpeleka. Sikumwambia alichosema daktari. Nilipika njahi na ndizi, nikaongeza maziwa mengi kama alivyopenda kabla ya ugonjwa, nikamwekea bakuli mapajani.

Alishika kijiko, akatafuta kisahani kwa macho. "Tembe iko wapi?"

"Daktari amesema si lazima tena. Kula tu, mama."

"Hata na maziwa?"

"Hata na maziwa."

Alikirudisha kijiko kwenye bakuli. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuelewa somo kama yeye. Alinitazama usoni, nami machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

"Kwa hivyo amesema hivyo," akasema.

Nilijifuta machozi. Jirani alipita njiani akimwita ng'ombe wake, tukamsikiliza mpaka akaenda.

"Niletee tembe yangu, mama."

Nilimletea. Haikuwa na faida yoyote tena kwake, hilo nalijua kuliko wengi. Aliitafuna katikati ya vijiko, kwa utaratibu, kinywa kikiwa kikavu na unga mweupe ukibaki kwenye midomo, nami nikaufuta kwa leso. Alikula kidogo tu. Kisha akanirudishia bakuli akaniuliza kama zimebaki za kesho.

Nikamwambia zimebaki. Zilikuwa nyingi.