Phonie mu ordinateur yangu

Mutanicheka, mais niseme tu. Wakati ya vita, hapa Butembo, basoda, ni kusema baaskari, balikuwa banapita nyumba kwa nyumba kutafuta phonie, ile redio ya kuongea na adui. Ukikutwa nayo, jamaa yako haitakuona tena.

Mie nilikuwa na ordinateur, ile kompyuta, ya zamani, ilishakufa, nikaiacha mu dépôt, chumba ya kuweka vitu. Siku moja natoka safari ya Lubero, ukungu imefunika mulango, nasikia inagonga ndani: ko, ko, ko. Na courant, umeme, hakuna! Kisha ikalia: pii, pii. Nikainama. Mu tundu ya disquette, jicho moja iliniangalia, ikafumba.

Nikaruka nyuma. Ile pii, pii, ni sauti ya phonie! Donc mutu alificha phonie mule, baniue! Nikakimbia mie mwenyewe kwa commandant, nikamuleta, mikono juu, nalia: "Afande, haiko yangu!"

Soda yake moja akainua kifuniko ya ordinateur na ncha ya bunduki. Kuku yetu ikaruka, ikamudona kidole.

Bibi yangu, mama ya batoto, akaingia na mahindi mu kikombe. "Papa Paluku, si ulisema haina tena kazi? Nilitoa vyuma, nikapatia kuku ilalie mayai mule."

Commandant akasikiliza ile pii, pii, akanishika bega. "Papa, phonie yako imetotoa."