Lango la Tumbo la Troels

Dagny Kjærgaard alikuwa tarishi, na katika kijiji chao cha Jutland hakuna upepo uliowahi kumrudisha nyumbani na barua mkobani. Mumewe Verner, mwoka mikate, alipenda kusema kwamba ameoa nyundo. Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania sana.

Mwaka ule wa sabini na nne walipata mtoto wao wa kwanza, Troels. Mwanzoni alinyonya vizuri, akanenepa. Kisha akaanza kutapika. Hakuwa anacheua tu kama watoto wengine. Maziwa yaliruka kwa nguvu mpaka upande wa pili wa meza, na papo hapo akalilia mengine kama mtu ambaye hajalishwa tangu azaliwe. Daktari wa kijiji akasema anashibishwa kupita kiasi, apunguziwe. Hakuwa mzembe, watoto wengi hutapika, na wengi wao hawana neno.

Mama yake Dagny, Bibi Asta, alikuwa amekuja kusaidia. Mtoto akitapika, Asta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kitambaa na wa kwanza kutoka chumbani. Ushauri wake ulikuwa mmoja tu: acha kunyonyesha, mpe maziwa ya kopo. Dagny alipouliza kwa nini, mama alianza kupangusa sahani zilizokwisha kukauka.

Mchana Troels alilazwa nje kwenye kigari chake, chini ya dirisha la jikoni, kama watoto wote wa mtaa ule, baridi iwepo isiwepo. Hewa ya nje ndiyo dawa, hakuna aliyebishana na hilo. Siku zikapita, mtoto akaacha kulia. Majirani walichungulia kigarini wakasifu utulivu wake. Dagny naye, ukweli usemwe, alifurahia sifa zile, na mchana mmoja akajinyoosha akalala.

Alipoamka akaenda kumbadilisha. Nepi ilikuwa kavu, na ya asubuhi nayo ilikuwa kavu. Utosi ulikuwa umebonyea. Mtoto huyu hakuwa mtulivu hata kidogo; alikuwa ameishiwa nguvu za kulia.

Verner alitaka wasubiri Jumatatu, daktari atakapofungua.

"Jumatatu utakuwa na mtoto wa kuzika," Dagny alimwambia. "Nipe ufunguo wa gari la mikate."

Akaendesha mwenyewe mpaka hospitali ya mjini, Asta kando yake amempakata mtoto.

Daktari wa watoto, mwanamke aliyeitwa Winther, alimwekea Troels dripu kwanza. Kisha akampapasa tumbo bila haraka, vidole vikasimama juu ya kitovu, upande wa kulia. Palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa zeituni. Akauliza kama katika ukoo yuko aliyewahi kupasuliwa tumbo akiwa mchanga.

"Hakuna," Asta akajibu upesi.

Dagny akageuka kumtazama. Akapandisha blauzi palepale, mbele ya daktari na muuguzi, na kovu lake likaonekana. Tangu utotoni aliambiwa kwamba aliangukia mtungi uliovunjika.

"Mama, mtungi haukuwepo," alisema. "Mtoto anaondoka huyu. Sema."

Asta akakaa. Akasema Dagny naye alitapika hivihivi, akapasuliwa akiwa na mwezi mmoja, na mama mkwe wake akatangaza kwa kila aliyekuja kunywa kahawa kwamba maziwa ya Asta ni mabovu. Asta aliamini. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine, kwa aibu.

Winther akavuta kiti. Alieleza kwamba mlango wa kutokea tumboni umezungukwa na msuli. Kwa watoto hawa msuli ule hunenepa baada ya kuzaliwa, na wengine wanadhani neva zinazouamuru ulegee hazifanyi kazi sawasawa. Mlango unabanwa, maziwa yanarudi yalikotoka. Kwa nini hasa, madaktari bado hawajui yote. Wanachojua ni kwamba jambo hili hutembea katika damu ya ukoo, huwapata zaidi wavulana, hasa wazaliwa wa kwanza, na mama aliyeugua hurithisha kwa urahisi kuliko baba.

"Kwa hiyo ni mimi," Dagny alisema.

"Ni damu. Hujakosea kitu."

"Na maziwa?" Asta akauliza.

"Maziwa hayana hatia, bibi. Yalikosa tu pa kupita."

Asta alimwomba arudie, polepole. Winther akarudia.

Maji na chumvi vilipomrudia mtoto mwilini, mpasuaji aliukata msuli peke yake, utando wa ndani akauacha mzima. Kesho yake Dagny aliruhusiwa kumnyonyesha kidogo kidogo. Asta alisimama karibu na kitambaa mkononi. Walingoja. Maziwa yakakaa.

Hapo Asta akalia, kilio cha mtu asiyezoea kulia.

"Baba yako alitaka watoto wengi," alisema. "Nilimkatalia. Niliogopa nitamuua wa pili."

Dagny alihisi hasira imempanda hadi masikioni. Alimkasirikia bibi yake mzaa baba, aliyekwisha kufa, akaikasirikia na ile nyumba aliyokulia peke yake, bila ndugu hata mmoja wa kugombana naye. Mama yake hakuweza kumkasirikia. Akamhamishia Troels ziwa la pili.

"Huyu atapata ndugu," alisema. "Nao wakitapika, nawaleta hapa siku hiyohiyo. Wewe utakaa mbele garini, unipakatie."