Samli Kwenye Geji

Katika miaka ya tisini, Mwenyezi Mungu alinijalia karakana ndogo pale Waberi, mjini Garissa, yenye msumeno mmoja wa meza. Riziki yetu ilitegemea kipande cha chuma tulichokiita geji. Ufito wake huteleza ndani ya mfereji wa meza, na kichwa chake cha nusu duara hushika ubao ili msumeno uukate kwa pembe unayotaka. Vumbi la kwetu hupenda sana kujificha kwenye mfereji huo. Kila asubuhi baada ya swala niliusafisha kwa brashi, nikausugua kwa mshumaa, kisha tukaanza kazi kwa bismillahi.

Nilifanya kazi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa mfugaji upande wa Wajir mpaka ukame ulipomaliza ngamia wake. Wakati huo msikiti ulikuwa umetuagiza jeneza jipya la kuchukulia maiti makaburini na kurudishwa, maana la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Miti ya kubebea ilikuwa tayari; zilibaki mbao za kupita katikati. Nikaenda Dadaab kupeleka milango, na asubuhi niliporudi nikapokewa na habari kwamba mwalimu aliyenifundisha Kurani tangu utotoni amefariki. Angezikwa baada ya swala ya Alasiri.

Nikawasha msumeno. Geji ikakwama katikati, kisha ikachomoka ghafla, na ubao ukakatika mshazari. Nilipopitisha kidole kwenye mfereji, kikatoka na uji mweusi.

"Umeweka nini humu?"

"Samli," shemeji akasema. "Ilikuwa inalia. Haani, chombo chetu cha maziwa, ikikauka tunaipaka samli, inatulia."

"Na hii umewahi kuikamulia ngamia?"

"Bado. Na wewe unayeipaka mshumaa, usiku unaisomea?"

Sikuwa na moyo wa kucheka, lakini sikumlaumu. Kwao, chombo chochote kinachotunzwa hupakwa mafuta. Hakujua kwamba samli hushika vumbi la mbao na mchanga.

Tukaukwangua mfereji, tukauosha kwa mafuta ya taa, tukaufuta mpaka kitambaa kikatoka safi. Sasa ufito ulicheza, kwani mchanga ulikuwa umeula. Nikaugonga ubavuni kwa ncha ya msumari mgumu, alama ndogondogo, chuma kikavimba kidogo na kuujaza mfereji. Kisha nikalegeza skrubu ya kichwa ili niinyooshe pembe.

Mtoto wa marehemu akaingia. "Adeer," akaniita, yaani ami, "ameshaoshwa. Wazee wanasema tumbebe kwa kitanda chake."

"Kile cha kamba?"

"Ndicho."

"Kile alichokinung'unikia miaka yote kwamba kinamkunja mgongo?"

Akainamisha kichwa. "Basi kata upesi. Kaburi halipimi pembe."

"Mabega yanapima," nikamjibu. "Jeneza likienda upande, baba yako atayumba mbele za watu."

Akakaa juu ya rundo la mbao, akangoja.

Nikakata kipande cha ubao usio na kazi, nikageuza nusu moja, nikaziunganisha zile ncha mbili mbele ya mlango. Mwanga ukapenya kati yake; pembe ilikuwa bado haijanyooka. Nikasogeza kichwa kidogo, nikakata tena. Mwanga ukapenya, mwembamba kama uzi. Nikamkumbuka mwalimu, alivyonirudisha kwenye aya ileile kwa sababu ya irabu moja niliyoivuta kupita kiasi, bila kupandisha sauti, mpaka ulimi ukanyooka. Mara ya tatu mwanga haukupita. Nikakaza skrubu, nikasugua mshumaa, tukakata mbao zote na kuziunga.

Alhamdulillahi, adhana ya Alasiri ilitukuta tukiliingiza jeneza msikitini. Njia nzima ya makaburini mabega yalibadilishana na halikulia wala halikuyumba. Mwana wa marehemu alishika pembe ya mbele, upande wa kulia, na hakukubali kupokewa.

Jioni shemeji alilirudisha jeneza karakanani, mbao zikiwa bado nyeupe. Akasimama na kopo lake la samli mkononi, akinitazama kwa tahadhari.

"Hili nalo ni haramu?"

Jua la huku hupasua mbao mbichi. "Hili lipake," nikamwambia.

Akalipaka taratibu, kona kwa kona, kama anayetunza haani ya mama yake. Kwa muda mrefu baadaye, waliobeba maiti wao kwa jeneza lile walisema linanukia maziwa.