Breki ya Punda na Fundi Asiyemwamini Mtu

Saa mbili asubuhi, na soko la Mwala limeshachangamka. Musau Kyalo anaingia katika karakana yake ya mabati, anafunga mlango kwa ndani, anaziba dirisha kwa blanketi kuukuu, ndipo anapowasha mashine ya kuchomelea. Mteja akibisha hafunguliwi. Anaulizwa shida yake kupitia tundu lililotobolewa kwenye bati, na kama ni karai la kuzibwa, analiacha hapo nje.

Mwandishi wa makala haya naye hakupewa upendeleo. Aliombwa azime simu, aiweke juu ya kiti, kisha kiti chenyewe kikasogezwa hadi ukutani.

"Si kwa ubaya," anasema Musau, mwenye umri wa miaka 47. "Lakini gazeti pia liko na wenyewe, na hao wenyewe wako na marafiki."

Kinachofichwa kimefunikwa kwa gunia lililoshonwa pande zote. Ni breki ya mkokoteni wa punda.

Asiyeijua Mwala anaweza kucheka. Hapa maji yanatoka mbali na punda ndiye lori. Mkokoteni wenye mitungi kumi ukishika mteremko, unamsukuma mnyama kutoka nyuma hadi magoti yanamkunjika. Wengine huvunjika miguu, na familia ikabaki bila maji na bila punda.

Breki ya Musau haivutwi na mtu. Punda akijizuia kwenye mteremko, mti aliofungiwa unarudi nyuma na kusukuma chuma, nacho chuma kinakandamiza kipande cha tairi kwenye gurudumu. Kadiri anavyojizuia, ndivyo gurudumu linavyobanwa.

"Punda mwenyewe ndiye dereva," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu kwa mdomo mzima.

Shuku zake hazikuota tu kama magugu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 2017 alibuni komeo la geti ambalo halikufunguka hata geti likitikiswa vipi. Mgeni mmoja mwenye maneno matamu alilisifu, akalipiga picha, akaagiza moja na hakurudi kulichukua. Miaka miwili baadaye, komeo lile lile lilikuwa likiuzwa Machakos mjini. Musau alinunua moja kwa shilingi 450 ili ahakikishe.

"Hata mahali nilikosea kidogo, walikosea hapo hapo," anasema.

Basi Wendy alipofika kutoka Mlolongo, akitumwa na kiwanda kinachotengeneza wilbaro na mikokoteni, alirudishwa mara mbili bila hata kuketi. Alikuwa amesikia habari za breki kutoka kwa wachuuzi wa maji. Hakutaka kuinunua. Alitaka leseni: breki ibaki mali ya Musau, kiwanda kiitengeneze, naye alipwe mrabaha wa shilingi 200 kwa kila mkokoteni utakaouzwa. Kwa mtu ambaye siku njema humpa shilingi 900, hilo si jambo la kupuuzwa.

Mara ya tatu Musau alikubali kuionyesha ikifanya kazi. Gunia halikutolewa, na Wendy aliwekwa hatua ishirini kutoka kwenye mkokoteni.

"Nilionyeshwa gunia likiteremka kilima," anasema Wendy kwa simu, akicheka. "Lakini punda hakusukumwa. Hiyo nilijionea na macho yangu."

Mkataba ulikuja, kurasa tano za Kiingereza. Musau aliupeleka kwa watu watatu wausome, kila mmoja bila wenzake kujua. Wote wakamwambia jambo moja: mkataba ni mzuri. Hapo ndipo alipopata homa.

"Watatu wakisema kitu moja, huenda wameongea," anasema.

Lililomkera zaidi lilikuwa sentensi moja katika ukurasa wa nne, inayomtaka athibitishe kwamba uvumbuzi huo ni wake pekee. Wendy alimuuliza hata kwa mdomo, tena mara mbili: "Fundi, hii kitu ulifikiria peke yako?" Musau aliona ni ndoana. Miezi mitano sasa hajatia sahihi.

Mazungumzo yanafika hapo, mlango unabishwa. Ni Kamanthe, mama wa miaka 63 anayeuza maji kijijini kwake, ameleta gurudumu lililopinda.

"Ngoja kidogo, mwaitu," Musau anamwambia kupitia tundu, kwa neno ambalo Wakamba humwitia mama.

Mama hangoji. "Musau, unamficha nani kitu yangu?"

Fundi analitazama gunia. Kisha anafungua mlango.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 2021. Wanakijiji walikuwa wakijenga bwawa la mchanga kwa mwethya, ule ushirika wa Wakamba ambao kila mtu huja na nguvu zake na alichonacho. Punda wa Kamanthe alibeba mawe. Ili mkokoteni usimkanyage, mama alifunga gogo nyuma ya gurudumu kwa ukanda wa tairi, akaliunganisha na mti wa punda, hivi kwamba punda akijizuia gogo linabana. Watu walimcheka. Musau hakucheka, alitazama. Baada ya miezi miwili akaanza kuchomelea.

"Kwa mwethya hakuna mtu huuliza hii ni ya nani," anasema, ameinamisha kichwa. "Mawe ni yetu, majembe ni yetu. Nikaona hata hiyo gogo ni yetu."

"Jembe langu ulirudisha," Kamanthe anamjibu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Musau anamweleza habari za mkataba, anaahidi majina mawili na mrabaha nusu kwa nusu. Mama anamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Nusu ya nini? Mimi sijui hiyo karatasi inasema nini, na wa kunisomea ni wewe. Huyo msichana amekuja hapa miezi mitano. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, mwaitu. Nilijua utasema ukweli."

Kamanthe anaokota gurudumu lake, bado limepinda, na kuondoka nalo.

Wendy, alipopigiwa simu, hakushangaa. Kiwanda kiko radhi kuandika majina mawili, ila kinataka sahihi zote mbili kufikia Ijumaa. Vinginevyo wakubwa wake watampa mhandisi wao kazi ya kubuni breki nyingine. Leo ni Jumanne.

Musau anavua koti, anakata uzi wa bitana kwa wembe na kutoa mchoro wa breki, wa pekee uliopo, aliouchora kwa mkono wake. Anauweka juu ya kurasa tano za mkataba.

"Kesho nampelekea mwaitu zote," anasema. "Siendi kumsomea. Nitamwachia, atafute msomaji wake mwenyewe."

Na akiamua kwenda nazo Mlolongo peke yake?

Musau anaikunja karatasi, anaikunjua tena.

"Atakuwa amenifanyia ile kitu nilikuwa karibu kumfanyia," anasema. "Lakini nitampelekea."